Moyo ukiziba: dawa ya zamani ao mpya?

Mshipa unaopeleka damu kwa moyo ukiziba, munganga hana muda wa kuwaza sana. Anapitisha mpira mwembamba kwa mkono ao kwa paja, anafika pale palipoziba, anapanua, kisha anaacha pale kabomba kadogo ka waya kanaitwa stenti. Kazi hiyo ilianza Toulouse, Ufaransa, mwaka 1986. Leo ni kazi ya kila siku katika hopitali kubwa za Ulaya.

Lakini njo pale shida ingine inaanza. Damu ikigusa kitu kigeni, inaganda. Stenti inaweza kuziba siku ile ile. Kwa hiyo wakati wa kazi mgonjwa anapewa dawa ya kuzuia damu isigande. Ikiwa kidogo, stenti inaziba. Ikizidi, mgonjwa anavuja damu, tumboni ama hata kichwani. Kote kuwili mtu anaweza kufa.

Dawa mbili zinashindaniwa. Heparini ni ya zamani: ilivumbuliwa mwaka 1916, inatoka kwa matumbo ya nguruwe, bei yake ni ndogo, na ikizidi kuna dawa ya kuikata. Bivalirudini ni ya juzi. Walimwangalia ruba, yule mdudu wa maji anayenyonya damu bila igande, wakaiga kitu kilicho ndani ya mate yake. Inafanya kazi mbio, inatoka mbio, lakini bei iko juu mbali.

Mwaka 2008 waganga walitoa matokeo ya wagonjwa 3.602 wa nchi mbalimbali. Waliopewa bivalirudini walivuja damu kidogo kuliko wengine, na vifo vya moyo vilipungua. Wengi walisema: basi, ya zamani imekwisha. Hapa tusimame kidogo. Upande wa pili heparini haikuwa peke yake. Ilichanganywa na dawa ingine kali ya kuzuia damu kuganda. Ni sawa kushindanisha mtu mmoja na wawili, kisha kushangaa kwamba wawili walifanya fujo zaidi. Tena, katika saa 24 za kwanza stenti zilizoziba zilikuwa nyingi kwa wale wa bivalirudini.

Liverpool, Uingereza, walirudia mambo hayo kwa wagonjwa 1.812, dawa ya pili ile ikiwekwa tu kwa mwenye kuihitaji, pande zote mbili. Matokeo yalitoka 2014. Katika kila wagonjwa 1000 wa bivalirudini, 87 walikufa ao walipata shida ingine kubwa ya moyo ao ya ubongo ndani ya siku 28. Kwa heparini walikuwa 57. Stenti kuziba: 34 kwa 9. Kuvuja damu kulikuwa karibu sawa. Mgonjwa hakuombwa ruhusa mbele. Aliulizwa kisha, akiwa ametulia. Wengine walilalamika sana. Sisi tunaona vigumu: mtu anayekufa na maumivu, utamsomesha karatasi namna gani?

Sweden walileta wagonjwa 6.006 mwaka 2017. Tofauti hakuna. Huko karibu wote walipitishiwa mkononi, wala si pajani, na njia hiyo peke yake inapunguza kuvuja.

Kisha China, mwaka 2022, wagonjwa 6.016. Huko walifanya kitu kimoja zaidi: kazi ikiisha, bivalirudini haikukatwa, iliendelea kuingia kwa nguvu kamili saa mbili mpaka nne. Katika kila 1000, waliokufa ao kuvuja damu vibaya ndani ya siku 30 walikuwa 31, na kwa heparini 44. Stenti zilizoziba: 4 kwa 11.

Kumbe swali halikuwa jina la dawa tu. Bivalirudini inatoka mwilini mbio, na vidonge mgonjwa alivyomeza havijaanza kufanya kazi bado. Katikati pale kuna saa chache ambapo damu haina mlinzi. Wachina waliziba nafasi ile. Pasipo na pesa ya dawa ghali, heparini inayopimwa vizuri kufuata uzito wa mgonjwa si dawa ya aibu hata kidogo.

Ndugu zetu wanaoenda kuwekwa stenti India ao Afrika ya Kusini hawachagui dawa ya ndani ya sindano. Wanayorudi nayo nyumbani ni vidonge: aspirini na kingine, mara nyingi klopidogreli, kwa miezi mingi, kwa kawaida mwaka. Pesa ikipungua, mtu anaacha kimoja. Ao anataka kung'oa jino, jirani anamwambia simamisha kwanza, damu haitakatika. Hapana. Aende na karatasi yake ya hopitali, amwonyeshe munganga wa meno, na wa moyo aulizwe mbele kidonge chochote hakijaachwa.