Somo la Mvua ya Uluguru Ndani ya Kompyuta

Atokaye Morogoro mjini saa sita mchana na kupanda kwa miguu hadi Morningside huondoka katika joto na kufika penye ubaridi. Mji uko takriban mita 500 juu ya usawa wa bahari, na kwa kila mita 1,000 apandazo mtu, hewa hupungua joto kwa nyuzi zipatazo 6 za sentigredi. Mpandaji huyo hupoa. Lakini kompyuta aliyoiacha mezani haina mlima wa kupanda. Hapana budi ipoozwe pale ilipo, kwa hewa ile ile ya mjini. Makala haya yanaeleza jinsi kipoozi kikubwa cha hewa kifanyavyo kazi hiyo, na jinsi ya kukifunga.

Joto kuliko la pasi

Prosesa ndiyo sehemu ya kompyuta ifanyayo hesabu, na karibu umeme wote inaoutumia huishia kuwa joto. Pasi ya wati 1,000 hutawanya joto lake katika bamba la sentimeta za mraba zipatazo 200, yaani wati 5 kwa kila sentimeta ya mraba. Kipande cha silikoni chenye sentimeta za mraba 2, kikitumia wati 120, hutoa wati 60 kwa kila sentimeta: mara 12 ya pasi.

Wizara ya Fedha ilipopata kompyuta ya kwanza nchini mwaka 1965, mashine za namna hiyo zilitengewa chumba na kupoozwa pamoja na chumba chenyewe. Kompyuta ya leo hukaa juu ya meza ya kawaida. Joto lake likikaribia nyuzi 100, prosesa hupunguza mwendo ili isiungue. Likizidi, kompyuta hujizima. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo achambuaye takwimu za mazao huweza kuona kazi yake ikikokota, naye asijue kwamba kosa ni la joto.

Mvuke, ubaridi, na maji

Kipoozi kikubwa kina kitako cha chuma, mabomba ya shaba, vibamba vyembamba vya alumini, na feni. Siri yake imo katika mabomba. Kila bomba limezibwa pande zote, limeondolewa hewa, na kutiwa maji kidogo. Pasipo hewa, maji huchemka kwa joto dogo. Kwenye kitako hugeuka mvuke, mvuke hukimbilia kwenye vibamba, hupoa, huacha joto lake, na kuwa maji tena. Kisha maji hurudi kitakoni kwa kunyonywa na ukuta wa ndani wenye vitundu, kama utambi unyonyavyo mafuta ya taa. Bomba la namna hii lilitengenezwa na George Grover huko Los Alamos, Marekani, mwaka 1963.

Wenyeji wa Morogoro wanaiona kanuni hiyo kila masika. Upepo wa Bahari ya Hindi hubeba mvuke. Ukigonga miteremko ya mashariki ya Uluguru hupanda, hupoa, na mvuke huwa mvua. Maji hurudi baharini kwa mto Ruvu, baada ya kuwanywesha watu wa Dar es Salaam.

Lakini vibamba havina ubaridi wa mlimani. Tuseme kipoozi kikubwa huongeza nyuzi 1 kwa kila wati 5, na kidogo huongeza nyuzi 1 kwa kila wati 2. Kwa prosesa ya wati 120, cha kwanza huongeza nyuzi 24, cha pili 60. Hewa ya ndani ya kasha ikiwa nyuzi 25, prosesa itafika 49 au 85. Ikiwa 38, itafika 62 au 98. Katika joto la mjini, kipoozi kidogo hakina akiba.

Namna ya kukifunga

Kwanza, pima nafasi ndani ya kasha. Vipoozi vingi vya aina hii vina urefu wa sentimeta zipatazo 16, na vingine hugusa vijiti vya kumbukumbu. Chomoa waya wa umeme, kisha gusa chuma kitupu cha kasha ili umeme tuli ukutoke mwilini.

Funga bamba la nyuma la kushikilia kipoozi. Futa pesti ya zamani kwa spiriti. Bandua karatasi ya plastiki iliyo chini ya kitako; wengi huisahau, na plastiki huzuia joto. Weka pesti mpya kiasi cha punje ya mbaazi. Vyuma viwili vionekanavyo laini vina mashimo madogo yenye hewa, nayo hewa hupitisha joto kwa shida, pesti huyajaza.

Kaza skrubu kwa zamu, kidogo kidogo na kwa kukingamana, kama fundi akazavyo nati za gurudumu. Feni ielekeze hewa nyuma ya kasha, na waya wake uunganishwe.

Kipoozi hicho huweza kuzidi kilo moja. Ukiisafirisha kompyuta kwa basi hadi Msamvu, ilaze ili ubao wake mkuu uwe chini na kipoozi kisimame juu yake. La sivyo kifungue. Na vumbi la kiangazi lipanguswe kila baada ya miezi michache, maana kipoozi hakitengenezi baridi: hulipeleka joto hewani tu, na hewa isipopita, joto halina pa kwenda.