Mfanyakazi mgonjwa apumzike: Wenye viwanda wajue sheria

Katika zahanati za Mulot, mpakani mwa Bomet na Narok, si ajabu kumsikia mfanyakazi wa kiwanda cha majani chai akimsihi daktari amdunge sindano ili arudi zamu ya usiku. Ana homa na kifua kinambana, lakini anachohofia zaidi ni kukatwa mshahara au kupoteza kibarua.

Hofu hiyo haina msingi katika sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, iliyoanza kutumika Juni 2008, inaeleza katika kifungu cha 30 kwamba mtu aliyefanya kazi miezi 2 mfululizo ana haki ya kupumzika akiugua. Katika kila miezi 12 hupewa siku zisizopungua 7 kwa mshahara kamili, kisha 7 nyingine kwa nusu mshahara. Hicho ni kiwango cha chini. Mkataba baina ya mwajiri na chama cha wafanyakazi unaweza kuongeza siku.

Kwa nini siku hizo ni muhimu kiafya? Tuchukue mfano wa kifua kikuu, yaani TB. Maradhi haya huenea kwa hewa, hasa mahali palipofungwa ambapo watu hukaa pamoja kwa saa nyingi. Kwa kawaida mgonjwa aliyeanza dawa zinazofaa huacha kuambukiza wenzake baada ya wiki 2 hivi, ingawa lazima amalize dawa, ambazo mara nyingi ni za miezi 6. Utaona kwamba wiki hizo 2 ni sawa na siku 14 za sheria. Mwajiri anayemrudisha mtu kazini baada ya siku 3 huenda akajikuta na wagonjwa kadhaa badala ya mmoja.

Vilevile, majani chai ni chakula. Anayeharisha hafai kuwa katika chumba cha kupakia. Naye aliye na homa na kizunguzungu hafai kusimama karibu na mashine ya kukata majani, kwani anaweza kupoteza vidole.

Meneja afanye nini? Kwanza, aweke rekodi ya siku za ugonjwa za kila mfanyakazi. Miezi 12 huhesabiwa tangu siku aliyoajiriwa, lakini mwajiri ana haki ya kuamua tarehe moja itumiwe kwa wote.

Pili, asikatae cheti kwa sababu tu hakikutoka hospitali kubwa. Sheria inakubali sahihi ya daktari, au ya anayesimamia zahanati kwa niaba yake.

Tatu, asidai kuambiwa jina la ugonjwa mbele ya watu. Anachohitaji kujua ni kwamba mtu hawezi kufanya kazi, na kwa siku ngapi. Siri ya mgonjwa ikivuja, wengine wataficha maradhi yao.

Nne, asiwasahau vibarua. Chini ya kifungu cha 37, kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa miezi 2 au zaidi hupata haki kama za wengine.

Aliyeumia kazini analindwa pia na sheria nyingine, ile ya mwaka 2007 inayohusu fidia ya majeraha kazini.

Mfanyakazi naye ana wajibu. Akiugua, amjulishe mkubwa wake mapema iwezekanavyo, hata kwa simu au kwa kumtuma jirani. Aende zahanati siku hiyo hiyo, achukue cheti na abaki na nakala. Asinunue cheti cha uongo, kwani anawaharibia wagonjwa wa kweli.

Ukikohoa kwa wiki 2 au zaidi, ukikonda au ukitokwa jasho jingi usiku, usingoje msimu wa mavuno uishe. Nenda ukapimwe makohozi. Katika hospitali za serikali, dawa za TB hutolewa bila malipo.