Mama na Kalamu Yake

Wako wanaocheka mama akiandika ya jikoni na ya watoto: ati, hayo nayo ni ya kuandikwa? Wamemsahau Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate. Mwaka 1858, mjane na mgonjwa, alimtungia bintiye Mwana Hashima utenzi wa wasia, ili yeye akiondoka maneno yabaki.

Haja ile ile ipo leo Kianda, kijiji kimojawapo cha Kibera, Nairobi. Mama anunuaye maji kwa mtungi na aandike, hata kwa simu: bei ya maji, homa ya mtoto, neno la kwanza la kitindamimba. Wageni wameandika mengi juu ya Kibera. Ya ndani ya nyumba ayajuaye ni mama. Akinyamaza, mwanawe atakuja kujijua kwa maneno ya wageni.