Kiongozi Akitukana Kabila, Redio Ifanye Nini?



Kila msimu wa siasa ukikaribia, swali ni lile lile hapa Kitengela na kule Kajiado mjini. Mheshimiwa amesimama juu ya gari, amesema "wageni" wajue mipaka yao, na jioni redio imeyarudia maneno yale mara tatu. Je, redio imetupasha habari, ama imemsaidia mheshimiwa kazi?

Kwanza tuelewane juu ya neno. Wengi wetu tukisikia ubaguzi wa rangi tunamfikiria mzungu na mtu mweusi. Ni kweli, ndivyo ulivyoingia katika uongozi wa nchi hii. Mapatano ya 1904 na 1911 yaliwahamisha Wamaasai ili walowezi wapate malisho, na wale wa Laikipia wakaletwa huku kusini. Walipokwenda kortini, mwaka wa 1913 waliambiwa kwamba mkataba ule si jambo la mahakama kuamua. Katika Baraza la Kutunga Sheria, Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, aliingia 1944, tena kwa kuteuliwa. Waafrika walianza kuchagua wajumbe wao mwaka wa 1957.

Mkoloni alienda lakini akatuachia mizani yake. Badala ya ngozi, sasa tunapima jina la ukoo na lugha ya mama. Ndiyo sababu Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 iliweka rangi, uraia na kabila katika kapu moja. Anayechochea chuki kwa msingi wa mojawapo anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni moja, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Na si msemaji peke yake. Sheria hiyo hiyo iliweka faini ya hadi milioni moja kwa gazeti au redio inayotangaza maneno ya kudharau kabila au rangi ya watu.

Sisi wa Kajiado tusidhani haya ni mambo ya mbali. Mnamo Septemba 1991 viongozi wa chama tawala walifanya mikutano ya majimbo Kapsabet na Kapkatet, wakisema waliotoka sehemu nyingine warudi kwao. Mwezi uliofuata nyumba zilianza kuchomwa kule Nandi. Kufikia 1993 shirika la Africa Watch lilikadiria waliouawa kuwa angalau 1,500 na waliofukuzwa makwao kuwa 300,000. Oktoba mwaka huo ikawa zamu ya Enoosupukia, wilaya jirani ya Narok, na maelfu wakaishia kambini Maela.

Na vyombo vya habari vilifanya nini wakati ule? Redio ilikuwa moja tu, ya serikali. Magazeti yaliyothubutu kuandika, kama Society na Finance, yalinyang'anywa nakala zake. Septemba 1993 serikali ilitangaza Molo, Burnt Forest na Londiani kuwa maeneo ya usalama, waandishi wakafungiwa nje. Makanisa ndiyo yaliyozunguka kuandika majina ya waliofukuzwa. Wakati huo shida ilikuwa kunyamazishwa.

Miaka kumi na minne baadaye mambo yakageuka. Redio za lugha za mama zilikuwa nyingi, na simu ziliingia hewani bila mtu wa kuchuja. Msikilizaji angepiga akasema apendalo juu ya jirani yake, mtangazaji akacheka, wimbo ukaendelea. Baada ya kura ya Desemba 2007 waliuawa watu 1,133 kwa hesabu ya Tume ya Waki, na tume hiyo ikazitaja redio za lugha za mama kati ya waliochochea. Mtangazaji mmoja, Joshua arap Sang, alipelekwa hadi mahakama ya kimataifa kule The Hague. Kesi yake ilisimamishwa Aprili 2016 na hakupatikana na hatia. Lakini Rwanda ilikuwa imekwisha kuonyesha redio inaweza kufika wapi. Redio ya RTLM, iliyoanza 1993, iliwaita Watutsi mende mpaka majirani wakawaua kama mende. Wakuu wake wawili walihukumiwa Arusha mwaka wa 2003.

Baada ya moto ule, Januari 3, 2008, magazeti yetu makubwa yalichapisha kichwa kimoja cha kuomba nchi iokolewe. Lilikuwa jambo jema. Lakini kufikia uchaguzi wa 2013 wahariri wengi walikuwa waoga kiasi kwamba hata maswali magumu hayakuulizwa, kila kitu ni amani, amani. Sisi tunaona huko nako ni kukosea. Mgonjwa hafunikwi blanketi ili jipu lisionekane.

Hebu tulitazame jipu la hapa kwetu. Ranchi ya pamoja ya Kitengela iligawanywa kuanzia 1988, kila mwanachama akapata kipande chake na cheti. Wengi waliuza. Mwaka wa 1989 Kajiado nzima ilikuwa na watu 258,659. Sensa ya 2019 ilihesabu 1,117,840. Mahali ng'ombe walipopita sasa pana ploti na ukuta. Mzee aliyeuza ekari kwa bei ya chini anaona ikiuzwa tena kwa bei ya kutisha, na kijana wake hana pa kulisha. Aliyenunua naye alilipa pesa za jasho, labda za SACCO, na analala akiogopa. Uchungu huu ni wa kweli pande zote mbili. Mwanasiasa anajua. Anauchukua, anautoa kwa dalali na kwa bodi ya ardhi, anaubandika kwa kabila.

Basi mwandishi akileta tusi tu, amemsaidia. Akilificha tusi na ardhi pia, amemsaidia vile vile, maana mheshimiwa atabaki kuwa mtu pekee anayezungumza juu ya malisho. Tunalotaka ni mwandishi aende Kitengela aulize nani aliuza, nani alitia sahihi, nani alipata faida, na huyo mheshimiwa mwenyewe ana ploti ngapi.

Maneno yenyewe je? Kanuni za maadili katika sheria ya vyombo vya habari ya 2013 zilikataza kabisa kunukuu dharau za kikabila. Kwa maoni yetu hilo ni kali mno, kwa sababu mpiga kura ana haki ya kujua mwombaji kura amesema nini. Januari 2022 seneta mmoja alisema jukwaani Eldoret kwamba madoadoa yaondolewe. Alikamatwa siku iliyofuata, akaomba msamaha akidai hakuwalenga watu wa kabila lolote. Asiyejua historia angeuliza, doa ni kosa gani jameni? Kazi nzuri ilifanywa na wale walioeleza kwamba Bonde la Ufa neno hilo lilikuwa limewahi kutangulia moto. Aprili mwaka huo Tume ya NCIC ililiweka kwenye orodha ya maneno ya chuki. Yatosha kulitaja mara moja na kulieleza, na waliolengwa wakapewa nafasi ya kujibu. Kuipiga sauti ile kila baada ya saa, kama tangazo la sabuni, huko ni kuchochea.

Kikundi chenu nacho kisikae kulalamika kwenye meri-go-raundi tu. Mkisikia jambo la namna hii, katibu aandike papo hapo kwenye kitabu cha kumbukumbu: siku, saa, jina la stesheni na la kipindi, nani alisema, maneno yenyewe katika lugha iliyotumika, na tafsiri yake chini. Mwenye simu arekodi. Msiongeze chumvi. Maneno ya mwanasiasa yapelekeni NCIC au polisi, ya redio au gazeti yapelekeni kwa Baraza la Vyombo vya Habari, Nairobi. Nakala moja mpelekeeni meneja wa stesheni. Wawili au watatu wa makabila tofauti watie sahihi, na nakala nyingine ibaki kwenye faili ya kikundi.