Tasnifu Mkononi, Laki Tano Mfukoni

Joho umeshavaa, tasnifu yako ya historia au fasihi imefungwa jalada gumu, na idara inadai machapisho kabla dirisha la kupandishwa vyeo halijafungwa. Mfukoni una laki tano za Kitanzania, pengine pungufu. Wakati huohuo barua pepe zinamiminika kutoka kwa watu usiowajua, wanakuita "msomi mashuhuri" na kukuomba makala. Tuanze na hao, maana ndio wanaozikusanya laki tano za watu.

Jarida la harakaharaka hutoza kati ya dola 50 na dola mia kadhaa, na huahidi kukuchapisha ndani ya wiki. Lakini jiulize ni nani atakayesoma kurasa 25 kuhusu Vita vya Maji Maji, akague nyaraka ulizozitaja na kuandika maoni yake, yote kwa siku tatu. Hayupo. Unalipia kuwekwa mtandaoni, kazi ambayo mpwa wako angekufanyia bure.

Tena hizo dola si bei yote. Makala ikishatoka huko, jarida la maana halitaipokea, kwa hiyo umeshaipoteza sura nzima ya tasnifu. Kamati ya chuo ikilikataa jarida, alama ulizokuwa unazitafuta nazo zimekwenda. Ukishtuka mapema na kutaka kuirudisha makala, baadhi yao hukudai ada ya kuiondoa.

Kuwatambua si kazi. Fungua toleo lililopita: ukikuta makala ya tamathali za semi imekaa jirani na makala ya ufugaji wa samaki, funga. Mwandikie mhariri mmoja kati ya waliotajwa, kwa anwani ya chuo chake, umuulize kama kweli anahariri hapo; wapo walioorodheshwa bila habari. Na bei itazame mapema. Jarida halali huiweka wazi kabla hujatuma hata ukurasa mmoja, lile jingine hukutajia baada ya kukupongeza.

Yuko na mwenzake, huyu anataka tasnifu nzima. Anasema ameiona kwenye hazina ya chuo chako na atakutolea kitabu bila malipo. Ni kweli hakutozi. Ila haihariri, hampi mtu yeyote aihakiki, anabandika jalada na kutia bei ya euro 60 au 80 ambayo hakuna mwanafunzi wa Dodoma wala Eldoret atakayeitoa. Mnunuzi wake mkuu ni wewe na shangazi zako. Baadhi ya mikataba hiyo inasema mrabaha ukiwa mdogo utalipwa kwa hati ya kununulia vitabu vyao wenyewe, na mrabaha wenyewe huwa mdogo siku zote. Pendekezo langu ni kutojibu barua hiyo hata kwa adabu.

Sasa majarida ya heshima. Watu wengi huyaogopa kwa kudhani ni ghali, kisha wanakwenda kulipa kule kwa wababaishaji. Majarida mengi ya aina hii yana njia mbili. Ya kwanza haikugharimu senti: makala inakubaliwa, na anayelipa ni msomaji au maktaba yake. Ya pili ni chapisho huria, ambapo kila mtu husoma bure na bili unaletewa wewe. Kwa wachapishaji wakubwa wa Ulaya na Marekani bili hiyo hufika au kupita dola 3,000, yaani zaidi ya milioni saba za Kitanzania. Usiilipe kutoka mfukoni. Hiyo ni pesa ya mradi wenye mfadhili.

Kabla ya kukata tamaa, ulizia msamaha. Mpango wa Research4Life hugawa nchi makundi mawili, A na B, na wachapishaji wengi hutumia mgawo huo kuamua nani asamehewe ada yote na nani apunguziwe nusu. Majirani wawili wanaweza kuwa katika makundi tofauti na orodha hubadilika, kwa hiyo tazama ya mwaka huu.

Msamaha huo una masharti yanayowanasa wengi. Mara nyingi unahusu majarida yaliyo huria tangu jalada hadi jalada, si yale yenye njia mbili. Mara nyingi pia huhesabiwa kwa anwani ya mwandishi anayeshughulikia mawasiliano: ukimwachia mwenzako wa Berlin kazi hiyo kwa heshima, umeachia na msamaha wako. Na uombwe siku ya kutuma makala. Kuomba baada ya kukubaliwa ni kujitafutia ankara.

Gharama halisi ya njia isiyo na ada ni muda. *Journal of African History*, lililoanza 1960, au *Africa*, la tangu 1928, hupokea makala nyingi kuliko linavyoweza kuchapa. Kutoka kutuma hadi kutoka, mwaka mmoja ni bahati, miwili si ajabu. Kama dirisha la vyeo ni miezi sita ijayo, tuma huko makala yako bora kwa ajili ya duru ijayo, na utafute pengine kwa ajili ya hii.

Hapo pengine pako, na pengi hapaombi kitu. Kwa anayeandika kwa Kiswahili, chaguo langu la kwanza ni *Swahili Forum* la Leipzig na *Nordic Journal of African Studies*: yote mawili hupokea makala za Kiswahili, hayamtozi mwandishi, na msomaji wa Tanga huyasoma bure sawa na wa Helsinki. Nyumbani lipo *Kiswahili* la TATAKI pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, *Mwanga wa Lugha* la Chuo Kikuu cha Moi, na kwa wanahistoria *Tanzania Zamani*. Jarida la chuo cha hapa laweza kukuomba mchango mdogo wa uchapaji. Huo si ulaghai, ila uulizie mwanzo, na uulize pia toleo la mwisho lilitoka lini, kwa sababu ugonjwa wa majarida yetu ni kuchelewa. Makala iliyokubaliwa ikakaa miaka miwili ikingoja wenzake wajaze toleo haikusaidii kwa kamati.

Kupima, tumia AJOL, hifadhi ya majarida ya Afrika iliyoanza 1998. Huko majarida hupewa nyota, kuanzia sifuri hadi tatu, kwa jinsi yanavyofuata taratibu za uchapishaji. Orodha ya DOAJ nayo inakuruhusu kuchuja majarida huria yasiyotoza ada. Nusu saa hapo inaokoa dola mia mbili.

Kitabu ni hesabu nyingine. Mchapishaji wa kitaaluma wa Uingereza au Marekani hakudai pesa ya kukutoa kwa njia ya kawaida. Anayeumia ni msomaji: jalada gumu la kitabu cha masomo ya Afrika huuzwa pauni 80 na kuendelea, na jalada laini huja baadaye, likija. Maana yake ni kwamba kitabu kuhusu Kilwa hakitaonekana Kilwa. Ukitaka kiwe huria, ada huwa maelfu ya pauni, mara nyingi karibu 10,000. Pita.

Hata ile njia ya "bure" ina gharama zake. Faharasa ni juu yako: uitengeneze mwenyewe au umlipe mtu. Picha za zama za ukoloni unazozitaka jaladani zina mwenyewe, nyaraka za Ulaya hutoza ruhusa kwa kila picha, na ramani lazima ichorwe upya. Nakala zako za bure ni chache, za ziada unauziwa kwa punguzo, kisha nauli ya kuzileta inalila punguzo lenyewe. Soma pia kama mkataba unakutaka uhakikishe mauzo ya idadi fulani. Kifungu hicho kikiwepo, wewe si mwandishi tena, ni mteja.

Mchapishaji wa hapa, awe Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam, East African Educational Publishers wa Nairobi au Fountain wa Kampala, atakiuza kitabu chako kwa bei ambayo mwalimu wa sekondari anaweza kuifikiria. Tatizo ni soko dogo, na ndiyo sababu miswada ya kitaaluma huzuiliwa mlangoni au huombewa ruzuku. Uliza tu bila haya: nani analipia uhariri, mtachapa nakala ngapi, na kitauzwaje nje. Kwenye swali la mwisho, jibu zuri ni African Books Collective, chombo kinachomilikiwa na wachapishaji wa Afrika wenyewe na kuuza vitabu vyao ng'ambo, vingi kwa kuchapwa kadiri vinavyoagizwa. Chombo hicho kinafanya kazi na wachapishaji, kwa hiyo ukijichapia peke yako usikitegemee.

Ningekuwa na mswada wenye nguvu, ningetafuta ndoa ya wachapishaji wawili. Si ndoto. Kitabu cha Walter Rodney kuhusu namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilitolewa mwaka 1972 na Bogle-L'Ouverture wa London pamoja na Tanzania Publishing House. James Currey aliendeleza mtindo huo kwa miaka mingi: *Custodians of the Land*, kitabu cha 1996 kuhusu mazingira na historia ya Tanzania kilichohaririwa na Maddox, Giblin na Kimambo, kilitoka pia kwa Mkuki na Nyota na kwa East African Educational Publishers. Msomi wa Ohio alinunua chake kwa dola, wa Morogoro kwa shilingi.

Hilo halitokei kwa bahati. Huandikwa kwenye mkataba, na wakati wa kuliomba ni kabla ya kutia saini: haki za toleo la Afrika Mashariki zibaki kwako, au mchapishaji akubali kuziuza kwa mchapishaji wa hapa kwa bei nafuu. Wengi hawakatai, kwa sababu soko letu hawalihesabu. Wewe lihesabu.

Kujichapia? Tuseme mpiga chapa anakutajia shilingi 10,000 kwa nakala ukiagiza 50. Laki tano imekwisha. Unauza 20,000, duka linabaki na asilimia 35, kwako inarudi 13,000. Zikiisha zote una 650,000, lakini haziishi zote, kwa sababu ishirini utazigawa harusini na ofisini. ISBN unaifuata mwenyewe, Bodi ya Huduma za Maktaba kwa Tanzania, Kenya National Library Service kwa Kenya. Na kamati ya vyeo itauliza nani aliuhakiki mswada. Ukiuza kupitia duka kubwa la mtandaoni la Marekani, jua kwamba kodi ya huko hukata asilimia 30 ya mrabaha wa mgeni ambaye nchi yake haina mkataba wa kodi nao, na Tanzania na Kenya hazina. Kujichapia kunafaa kwa historia ya ukoo au ya parokia, au kwa diwani ya mashairi. Kwa tasnifu, hapana.

Kwa hiyo laki tano ipeleke kwenye uhariri wa lugha wa makala moja, ile inayokwenda mbali zaidi, na kwenye ramani moja safi yenye haki zako, utakayoitumia katika makala na baadaye kitabuni. Faharasa jifunze kuitengeneza. Inachosha, haina siri.

Vitabu vya watu wengine navyo usinunue kabla hujajaribu kuvihakiki. Kitabu cha dola 120 unakipata kwa maneno 1,000 hivi. *African Studies Review* na *Africa Review of Books* la CODESRIA huchapisha mapitio, na mhariri wa mapitio anayepata mtu asomaye Kiswahili na anayeijua Pwani hana sababu ya kumwacha. Mwandikie aya moja: umesomea nini, unasoma lugha zipi, kitabu gani unakitaka. Kwa vyeo, mapitio huhesabiwa kidogo sana au hayahesabiwi, basi mawili kwa mwaka yanatosha. Makala za kukusaidia kulinganisha zipo JSTOR, ambako akaunti ya bure hukusomesha hadi makala 100 kwa siku 30.

Siku hizi wachapishaji hupenda kutuma nakala ya kidijiti, na nyingine hujifunga baada ya muda. Sema mapema kwamba unataka ya karatasi. Wakikubali, toa anwani ya S.L.P. ya idara badala ya ya nyumbani, na umwarifu katibu muhtasi kwamba kifurushi kikija ni chako, si cha mkuu wa idara.