Kipakatalishi kikizimika mchezoni si lazima kiwe kimekufa

KIPAKATALISHI cha familia kimefanya kazi vyema tangu asubuhi. Mama amekitumia kuandika hesabu za duka, naye mwanawe anayesoma chuoni amechapa insha yake bila tatizo lolote. Jioni kijana huyo anafungua mchezo wa kandanda, na kabla ya kipindi cha kwanza kumalizika, skrini inaingia giza.

Anakiwasha tena na kinawaka. Anarejea mchezoni, na baada ya dakika chache kinazimika kwa mara nyingine. Siku inayofuata fundi anakitazama kwa muda mfupi na kutoa hukumu: ubao mkuu wa saketi umeharibika, heri kununua kingine.

Huenda hukumu hiyo ikawa ya kweli. Hata hivyo, mara nyingi hutolewa mapema mno na kumtia mwenye kifaa katika gharama ambayo angeweza kuiepuka. Vumbi, chaja isiyofaa, kumbukumbu mbovu na programu zisizopatana huweza kuleta hali iyo hiyo, na yote hayo hurekebishwa kwa gharama ndogo ikilinganishwa na bei ya kompyuta nyingine.

Suala hili lina uzito humu nchini kwa kuwa vipakatalishi vingi vinavyouzwa katika maduka ya Moi Avenue, Luthuli Avenue na kwingineko jijini Nairobi vilikwisha kutumika ng'ambo kwa miaka kadhaa. Mnunuzi hukipokea kikiwa kimepanguswa kikang'aa nje, ilhali ndani huenda kimebeba vumbi la miaka yote hiyo.

Mchezo ni kipimo

Kuandika barua au kusoma habari mtandaoni hutumia sehemu ndogo tu ya nguvu za kompyuta. Mchezo ni jambo tofauti. Prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa kompyuta, na chipu ya michoro inayochora picha kwenye skrini, hulazimika kufanya kazi kwa pamoja na kwa nguvu zote bila kupumzika. Umeme unaotumika hapo hugeuka kuwa joto.

Hali hiyo yaweza kulinganishwa na gari kuukuu. Katika barabara tambarare huenda vizuri, lakini likianza kupanda mlima kutoka Mai Mahiu kuelekea Limuru, rejeta huchemka. Si mlima ulioiharibu rejeta. Mlima umefichua tu kasoro iliyokuwapo.

Kwa sababu hiyo, kuacha kucheza si dawa. Kasoro iliyofichuliwa na mchezo leo huenda kesho ikajitokeza wakati hesabu za duka zinapoandikwa.

Nakala kwanza

Kila mara kipakatalishi kinapozimika ghafla, faili iliyokuwa ikiandikwa kwenye diski inaweza kuharibika. Basi kabla ya kujaribu lolote, kazi za chuo, hesabu na picha zinafaa kunakiliwa kwenye flashi au diski ya nje. Kompyuta inaweza kununuliwa tena, lakini picha za harusi haziwezi kupigwa upya.

Iwapo diski inatoa mlio wa kugonga-gonga, au faili zinachukua muda mrefu kufunguka, majaribio yote yasimamishwe hadi nakala zipatikane. Programu isiyolipiwa ya CrystalDiskInfo husoma taarifa za afya ambazo diski huweka yenyewe, na huonya iwapo diski inaelekea kufa.

Namna kinavyozimika

Baada ya hapo, mwenye kifaa anapaswa kuchunguza jinsi hitilafu inavyotokea, kwa maana kila namna ina chanzo chake.

Kipakatalishi kikizimika ghafla kama taa iliyokatiwa umeme, bila onyo wala ujumbe, washukiwa wa kwanza ni joto na umeme. Ikitokea skrini ya buluu yenye maandishi, mara nyingi kosa liko kwenye kumbukumbu, kwenye draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kuwasiliana na kifaa, au kwenye kifaa chenyewe.

Picha ikiganda huku sauti ikijirudia-rudia, au rangi zikivurugika na kujaa mistari, chipu ya michoro ndiyo ya kuchunguzwa. Nao mchezo ukijifunga peke yake huku kompyuta ikiendelea kufanya kazi, chanzo kwa kawaida ni mchezo wenyewe, draiva au uhaba wa kumbukumbu.

Muda pia ni shahidi. Kifaa kinachozimika kila mara baada ya dakika 15 au 20 kinaashiria joto linalopanda polepole. Mchezo unaokataa hata kufunguka haujapata nafasi ya kuchemsha chochote, hivyo lawama huangukia programu.

Windows nayo huweka kumbukumbu za matukio hayo katika programu ya Event Viewer. Tukio la Kernel-Power nambari 41 humaanisha tu kwamba kompyuta ilizimika bila kufuata utaratibu, wala halitaji sababu. Tukio la Display nambari 4101 huonyesha kuwa draiva ya michoro ilikwama kisha ikarejea. Maandishi ya WHEA-Logger hudokeza hitilafu ya kifaa chenyewe.

Joto

Joto ndilo la kuchunguzwa kwanza, kwani kulipima hakuhitaji fedha. Programu ya HWiNFO, ambayo hupatikana bila malipo, huonyesha joto la prosesa na la chipu ya michoro na huhifadhi kiwango cha juu kilichofikiwa. Mtumiaji huiacha wazi, akacheza kwa dakika 20, kisha akasoma.

Viwango vya nyuzi 80 na kitu katika kipimo cha Selsiasi ni vya kawaida mchezoni. Prosesa nyingi za vipakatalishi hujipunguzia kasi zenyewe zinapokaribia nyuzi 100, na joto likizidi hapo huzima kompyuta ili zisiungue. Mchezo unaoanza vizuri kisha ukawa mzito muda mfupi kabla ya giza kuingia ni dalili ya jambo hilo.

Hali ya hewa huchangia. Mombasa joto la mchana hupita nyuzi 30 mwezi wa Februari na Machi, na feni haiwezi kuipoza chipu kwa hewa ambayo yenyewe ni moto. Kukiweka kipakatalishi kitandani huziba matundu ya chini na kuzidisha tatizo. Kukiinua kwa nyuma kwa vifuniko viwili vya soda juu ya meza ni jaribio la bure, na likileta nafuu, chanzo kimejulikana.

Jaribio jingine la bure liko katika mipangilio ya umeme ya Windows. Kiwango cha juu cha prosesa kikishushwa kutoka asilimia 100 hadi 99, prosesa katika vipakatalishi vingi huacha kujiongezea kasi ya ziada na joto hupungua. Vilevile, mchezo uwekewe kikomo cha picha 30 au 60 kwa sekunde. Bila kikomo, hata mchezo mwepesi wa zamani unaweza kuitumikisha chipu kwa nguvu zote ikichora picha ambazo jicho halizihitaji.

Ikithibitika kuwa ni joto, tiba ni usafi. Kati ya feni na mapezi ya shaba au alumini inayopulizia hewa, vumbi hujikusanya likawa kama kitambaa kizito. Kabla ya kulitoa, kipakatalishi kizimwe, chaja ichomolewe na betri iondolewe ikiwa inaweza kuondolewa. Feni ishikwe isizunguke wakati wa kupuliza hewa, kwa sababu kuzungushwa kwa kasi kupita kiasi kunaweza kuiharibu.

Aidha, kati ya prosesa na bamba la kuipoza hupakwa krimu maalumu inayopitisha joto. Krimu hiyo hukauka baada ya miaka mingi. Kuibadilisha ni kazi ya muda mfupi kwa fundi mwangalifu.

Umeme

Kipakatalishi kisichochemka lakini kinachozimika ghafla kitazamwe chaja yake. Chaja ya awali ikipotea au kuharibika, wengi hununua yoyote ambayo ncha yake inaingia. Kuingia si kufaa.

Maandishi yaliyo kwenye chaja hueleza ukweli wote. Volti zikizidishwa kwa ampea hutoa wati. Chaja ya volti 19.5 na ampea 3.34 hutoa wati 65, na ile ya volti 19.5 na ampea 4.62 hutoa wati 90. Kipakatalishi kilichoundiwa wati 90 kinaweza kuandika barua siku nzima kwa chaja ya wati 65, kisha kikazimika pindi mchezo unapodai umeme zaidi. Volti zinapaswa kulingana na zilizoandikwa chini ya kipakatalishi, nazo ampea zisipungue.

Betri iliyochoka pia huweza kuwa chanzo. Ikiwa kifaa huzimika kikitumia betri pekee lakini hustahimili kikiwa kwenye chaja, betri haiwezi tena kutoa umeme wa kutosha. Iwapo sehemu ya chini imevimba au kibao cha kipanya kimeinuka, kifaa kisitumiwe kabisa. Betri ya lithiamu iliyovimba inaweza kushika moto, na haipaswi kutobolewa wala kukandamizwa.

Kumbukumbu na programu

Joto na umeme vikiondolewa lawama, zamu ni ya kumbukumbu, yaani RAM. Programu ya Windows Memory Diagnostic imo ndani ya Windows, na Memtest86 inaweza kuachwa ikipima usiku kucha. Hata kosa moja tu halifai kupuuzwa. Vipakatalishi vingi vya zamani vina vibao viwili vya kumbukumbu, hivyo kimoja kinaweza kuchomolewa na mchezo ukajaribiwa kwa kilichobaki, kisha vikabadilishana.

Kuhusu draiva, ile iliyotolewa na mtengenezaji wa kipakatalishi au wa chipu ya michoro ndiyo ya kutegemewa. Si lazima mpya iwe bora. Hitilafu ikianza baada ya Windows kujisasisha, kurejesha draiva ya awali ni jaribio la busara.

Umri wa programu nao una mipaka. Duka la michezo la Steam liliacha kuhudumia Windows 7, 8 na 8.1 kuanzia Januari 1, 2024, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma Oktoba 14, 2025. Mchezo unaohitaji DirectX 12 hautafunguka kwenye chipu inayoishia DirectX 11, hata kifaa kisafishwe vipi.

Michezo ya kuibwa inayopitishwa kwa flashi huleta balaa ya aina yake. Baadhi hubeba programu fiche zinazoitumia kompyuta kuchimba sarafu za kidijitali. Task Manager ikionyesha prosesa ikifanya kazi kwa asilimia 100 ilhali hakuna kilichofunguliwa, kuna mgeni asiyealikwa.

Chipu inapokuwa imekufa kweli

Wakati mwingine fundi husema kweli. Mnamo Julai 2008 kampuni ya NVIDIA ya Marekani ilitangaza kutenga kati ya dola milioni 150 na 200 kugharimia chipu za michoro za vipakatalishi zilizokuwa zikiharibika kupita kawaida. Kasoro ilikuwa katika viungo vilivyotumika kuifunga chipu, ambavyo havikustahimili kupata moto na kupoa mara kwa mara.

Uharibifu wa namna hiyo ndio ambao baadhi ya mafundi huutibu kwa kuichoma chipu kwa hewa moto. Mara nyingi kifaa hufufuka, lakini kwa wiki au miezi michache tu, kwa kuwa kiungo kilichopasuka hakikuondolewa. Anayelipia huduma hiyo anapaswa kujua kwamba ananunua muda wa kutoa faili zake, wala si uhai mpya wa kompyuta.

Mwenendo bora katika uchunguzi wote ni kubadilisha jambo moja kwa wakati mmoja na kuandika matokeo. Anayesafisha feni, kubadilisha chaja na kusakinisha Windows upya siku moja, hata akifaulu, hatajua kilichomfaa, na hitilafu ikirudi ataanza upya.

Karatasi yenye maelezo hayo ina thamani hata kwa asiyethubutu kukifungua kifaa chake. Anayemwambia fundi kuwa kipakatalishi huzimika baada ya dakika 18, prosesa ikiwa nyuzi 99, hakika ni vigumu kwake kuuziwa ubao mkuu asiouhitaji. Akibadilishiwa kipuri, ana haki ya kudai arudishiwe kile cha zamani.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika kompyuta kuukuu, mara nyingi ufa wenyewe ni vumbi la kupulizwa kwa nusu saa.