Samaki diskasi ataka maji masafi yasiyomsukuma: Kasongo umeme ndio mtihani

Kati ya Kongolo na Kasongo, mto Lualaba hubanwa kwenye magenge na maporomoko yanayoitwa kwa Kifaransa Portes d'Enfer, yaani Milango ya Jehanamu. Kutoka mashariki, mto Luama unateremka toka milima iliyo magharibi mwa Ziwa Tanganyika, unapita nchi ya Kabambare, kisha unamwaga maji yake humo humo Lualaba. Huku kusini mwa Maniema, mtu akitaja samaki wengi hufikiria nyavu na sufuria. Lakini wapo samaki wanaofugwa kwenye matangi ya kioo ili watazamwe tu, na kati yao diskasi ana sifa ya kumfilisi mfugaji mwenye haraka.

Diskasi ni samaki wa bonde la Amazoni, bapa na mviringo kama sahani. Johann Jakob Heckel wa Austria ndiye aliyemwelezea kisayansi mwaka 1840. Makao yake ni maji ya taratibu, yenye joto na chumvichumvi kidogo sana, katikati ya mizizi na magogo. Umbo lake lenyewe linasema: ubavu ule mpana ukipigwa na mkondo ni kama tanga la mtumbwi. Mlinganishe na Steatocranus, samaki wa maporomoko ya Mto Kongo, ambaye kifuko chake cha hewa kimepungua hadi anatambaa chini juu ya mawe asichukuliwe na maji. Pampu inayomfurahisha huyu itamchosha diskasi hadi ajifiche pembeni, rangi imkolee weusi, na aache kula.

Hapo ndipo wengi hukosea. Wakisikia diskasi hataki mkondo, wananunua filta ndogo. Kumbe kusafisha maji na kuyasukuma ni kazi mbili. Diskasi hulishwa mara kadhaa kwa siku, tena vyakula vya nyama, kwa hiyo uchafu wake ni mwingi. Tangi la lita 300 linahitaji filta inayoweza kuzungusha maji yote mara nne au tano kwa saa. Kinachopunguzwa ni nguvu ya maji yanaporudi tangini: bomba la kutolea hutobolewa matundu mengi madogo na kuelekezwa kwenye kioo cha nyuma, karibu na uso wa maji. Uso utikisike kidogo. Maji ya nyuzi 30 hubeba oksijeni pungufu kuliko ya nyuzi 25, na mtikisiko huo ndio unaoingiza hewa.

Ndani ya filta, wanaofanya kazi ni bakteria. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria huigeuza kuwa nitriti, nayo ni sumu, halafu kuwa nitrati, ambayo hupunguzwa kwa kubadilisha sehemu ya maji kila wiki. Bakteria hao huchukua kama wiki nne hadi sita kuzaliana vya kutosha. Anayetia samaki siku aliyojaza tangi asishangae kuwazika. Sponji nayo isioshwe kwa maji ya bomba yenye klorini. Isuguliwe ndani ya ndoo ya maji ya tangi lenyewe.

Sasa turudi Kasongo, ambako umeme wa uhakika si jambo la kutegemea. Filta ikizimika saa nyingi, bakteria hukosa oksijeni na kuanza kufa, na ikiwashwa tena huenda ikarudisha maji yaliyooza kwa samaki. Dawa rahisi ni sponji inayoendeshwa na pampu ndogo ya hewa. Pampu ya wati 5 hula wati-saa 120 kwa siku nzima. Betri ya volti 12 na ampea-saa 20 ina wati-saa 240. Ukiitumia nusu tu ili isiharibike, inatosha siku hiyo, na paneli ya sola huijaza tena. Sponji mbili, moja kila pembe, huchuja vizuri bila kumsukuma samaki.

Maji pia si taabu kubwa. Mvua ya Maniema ni nyingi na maji yake ni laini, alimradi ya kwanza yaachwe yaoshe mabati. Ila maji ya mvua matupu hayana madini ya kuzuia asidi isipande ghafla, hivyo huchanganywa na ya kisima.

Kinachoshinda ni joto. Diskasi anataka nyuzi 28 hadi 30, usiku na mchana, na usiku wa kiangazi haumpi hayo. Hita ya wati 200 ikiwaka saa 12 tu imekula wati-saa 2,400, mara 20 ya pampu. Kufunika tangi na kulizungushia godoro la sponji kunasaidia, lakini hakuondoi hesabu hiyo.

Kwa asiye na jenereta, busara ni kuanza na samaki wa bonde la Kongo lenyewe, kama ngogo wadogo wa jamii ya Synodontis, ambao huridhika na nyuzi 24 hadi 26. Hao sponji na pampu ya hewa vinawatosha, na tangi likishakaa mwaka mzima bila vifo, mfugaji atakuwa amejua kama betri zake zinaweza kumbeba mgeni wa Amazoni.